Canberra, Perth au Cranbourne: uende bustani ipi kuona mimea asilia ya Australia?

Bei ya kiingilio iweke kando, maana hakuna. Bustani tatu tunazolinganisha hapa, yaani Australian National Botanic Gardens ya Canberra, Kings Park ya Perth na Australian Garden ya Cranbourne karibu na Melbourne, zote unaingia bure. Yanayoamua ni mambo mawili: unakwenda mwezi gani, na una gari au huna. Wageni wengi hufika Januari wakitafuta maua ya Septemba, au hupanda treni kwenda mahali ambapo treni haifiki, kisha wakarudi wakisema bustani haina kitu.

Msomaji wa Afrika Mashariki haanzi sifuri. Mkaratusi anaujua kwa nguzo za umeme, mvinje kwa boriti na kwa kukata upepo wa pwani, mgrevilea kwa kivuli katikati ya kahawa na chai, na miwati ya Njombe kwa magome yanayotengenezea ngozi. Mkaratusi, mgrevilea na muwati asili yake ni Australia, na mvinje nao huota wenyewe katika fukwe za kaskazini mwa nchi hiyo. Lakini hiyo ni miti minne iliyochaguliwa kwa kazi. Jamii ya mikaratusi peke yake ina spishi zaidi ya 700, nyingine vichaka visivyokupita kiuno. Swali ni wapi utaona hizo nyingine, na zimepangwa vipi.

| | Canberra | Perth (Kings Park) | Cranbourne |
|---|---|---|---|
| Ukubwa | takriban hekta 90, zilizopandwa ni kama 40 | hekta 400, bustani ya mimea yenyewe 17 | hekta 363, Australian Garden 15 |
| Kufunguliwa | rasmi 1970 | bustani ya mimea 1965 | 2006, awamu ya pili 2012 |
| Mimea ya wapi | Australia nzima | Australia Magharibi | Australia nzima |
| Miezi mizuri | Septemba hadi Novemba | mwishoni mwa Agosti hadi Oktoba | Septemba hadi Novemba |
| Saa za kuingia | 2:30 asubuhi hadi 11 jioni | muda wote | 3 asubuhi hadi 11 jioni |
| Maegesho | unalipia | bure, kwa muda maalumu | bure |
| Asiye na gari | anaweza | rahisi | taabu |

Canberra na Cranbourne hufungwa siku ya Krismasi.

Canberra: kwa anayetaka kujua jina la kila mmea

Bustani hii imekaa kwenye miteremko ya chini ya Black Mountain, jirani na chuo kikuu cha taifa, kilomita mbili hadi tatu kutoka katikati ya mji. Waziri Mkuu Ben Chifley alipanda mti mwaka 1949 kuashiria mwanzo wa kazi. Kwanza kabisa ni mahali pa utafiti, na hilo linaonekana: takriban theluthi moja ya spishi za mimea ya maua zinazojulikana Australia inakua hapa, imepangwa kama maktaba. Mahali fulani utakuta jamii moja imewekwa pamoja, mahali pengine eneo moja la nchi.

Kila mmea una kibao chenye jina la kisayansi, familia, mahali unakotoka na namba ya kumbukumbu. Piga picha ya kibao kwanza, ndipo upige ua. Ukifanya kinyume, jioni utakuwa na picha mia za maua ya manjano usiyoweza kuyatenganisha, kwa sababu akasia za Australia ni karibu spishi elfu moja na nyingi zinafanana kwa mbali.

Anzia kwenye kituo cha wageni, chukua ramani ya karatasi, halafu uangalie hali ya hewa. Siku ya joto anza na Rainforest Gully, bonde la msitu wa mvua. Canberra hupata mvua ya milimita 600 hivi kwa mwaka, na majira ya baridi hugandisha barafu juu ya nyasi. Msitu wa mvua hauwezi kustahimili hayo peke yake, ndiyo maana yamewekwa mabomba yanayopuliza ukungu juu ya miti. Unaingia kwa chini kwenye mimea ya Tasmania, makangaga makubwa yenye shina kama mti, na kadiri unavyopanda ndivyo unavyosogea kaskazini hadi mimea ya Queensland. Ukungu hupulizwa kwa vipindi, hivyo mwenye miwani au kamera aweke kitambaa mfukoni.

Ukitoka hapo nenda Eucalypt Lawn. Tunaisisitiza sehemu hii kwa msomaji aliyezoea mikaratusi iliyopandwa kwa mistari, kwa sababu hapa miti imeachiana nafasi na unaweza kuizunguka. Usitazame majani, kwani yatakuchanganya, tazama magome. Kuna gome laini linalobanduka kwa mabamba na kuacha madoa ya kijivu, rangi ya maziwa na waridi. Kuna la nyuzinyuzi ambalo ukilikwaruza kwa kucha linachomoka kama katani. Na kuna lile jeusi, gumu, lenye mifereji mirefu, ambalo halibanduki kabisa. Ukishayajua haya matatu unaweza kuanza kuugawa msitu wowote wa Australia ukiwa barabarani.

Red Centre Garden, iliyofunguliwa 2013, ina mchanga mwekundu na nyasi ngumu za jangwani zinazochoma kama sindano. Ni ndogo, nusu saa inatosha. Njiani utapishana na mijusi wakubwa wa majini wakiota jua. Mkubwa wao hukaribia mita moja kutoka pua hadi ncha ya mkia. Hawana shida na watu, ila wasilishwe chochote.

Kasoro zake? Ni ya kupanda na kushuka. Njia kuu imesakafiwa, lakini mwenye kusukuma kiti cha magurudumu atachoka katika baadhi ya miinuko. Mwishoni mwa wiki kwa kawaida kuna basi dogo la umeme la kulipia linalowazungusha watu, na hilo ndilo suluhisho kwa anayekwenda na mama au bibi. Matembezi ya bure na waongozaji wa kujitolea huanza saa 5 asubuhi. Na mwenye kupenda vitanda vya maua vya rangi rangi atasikitika kidogo, maana hii ni bustani ya majani, magome na vibao kuliko ya maua.

Jambo moja linaloipa Canberra nafuu juu ya wenzake ni kwamba haina mwezi mbaya kabisa. Kuanzia mwishoni mwa Julai akasia huanza kuchanua manjano, na tarehe 1 Septemba ni siku ya kitaifa ya ua hilo. *Acacia pycnantha* ndiyo ua la nembo ya taifa tangu 1988. Kwenye baridi baadhi ya banksia, vichaka na miti ya Australia yenye maua kama brashi, huwa zimechanua. Kwenye joto kuna bonde la ukungu. Ila Juni na Julai usifike mara tu milango inapofunguliwa. Subiri saa 4 au 5 jua liyeyushe barafu.

Perth: ukipata Septemba, usiende kwingine

Kusini magharibi mwa Australia pametengwa na sehemu nyingine za nchi kwa jangwa kwa muda mrefu sana, na mimea mingi ya huko haioti penginepo duniani. Mvua hunyesha wakati wa baridi, Mei hadi Agosti, kisha kiangazi kikavu. Mbegu huota na mvua za kwanza, na mimea ina wiki chache tu za kuchanua na kuzaa kabla ardhi haijakauka. Ndiyo maana maua yanakuja kwa mkupuo mmoja, mwishoni mwa Agosti hadi Oktoba, na ndiyo maana tamasha la Kings Park huwa Septemba. Kufika Machi ukitegemea kuona picha za matangazo ni kujiumiza bure.

Mengi ya yale unayoyaona kwenye picha ni maua yenye petali kavu kama karatasi, meupe na waridi, yaliyopandwa kwa maelfu kwenye vitanda. Yanapendeza, lakini usiishie hapo. Tafuta *Anigozanthos manglesii*, ua la nembo ya Australia Magharibi. Shina lake ni jekundu na lina manyoya laini, na ua ni mrija wa kijani uliopasuka upande mmoja. Ndege hutua kwenye shina, akainamisha kichwa kunywa nekta, na chavua humpaka utosini. Simama mita mbili nyuma kwa dakika kumi asubuhi na utamwona akifanya hivyo. Kisha tafuta *Eucalyptus macrocarpa*, mkaratusi wa kichaka wenye majani ya kijivu kama yaliyopakwa unga. Chipukizi la ua lina kifuniko kigumu. Kinapoanguka hufumuka nyuzi nyekundu, na ua hufikia upana wa sentimita 10. Mtu aliyezijua nguzo za mkaratusi tu hudhani anadanganywa.

Kuna kitu kingine ambacho mtu wa Pwani hahitaji kuelezwa: mbuyu. Uko karibu na ukingo wa mlima, umenenepa chini vilevile kama wa Bagamoyo au Kilifi. Ni *Adansonia gregorii*, mbuyu pekee ulio asilia Australia, ndugu wa *Adansonia digitata* wa kwetu; wengine wote wako Madagaska. Huu unaitwa Gija Jumulu. Mwaka 2008 ulisafirishwa kwa lori kilomita 3,200 kutoka Warmun, eneo la Kimberley kaskazini mwa jimbo hilo, ulipokuwa kwenye njia ya ujenzi wa barabara, na wenyeji wa Gija wakautoa zawadi. Ulikuwa na uzito wa tani 36 na umri wake hukadiriwa kuwa miaka 750. Ukiukuta na maua, linganisha: ya mbuyu wa kwetu yananing'inia, ya huu yamesimama. Usishangae ukiukuta umedhoofu au una alama za matibabu. Kimberley mvua hunyesha wakati wa joto, Perth hunyesha wakati wa baridi, hivyo mti unanyweshwa maji wakati mwili wake unataka kulala.

Daraja la kioo na chuma la Federation Walkway, lenye urefu wa mita 222 ndani ya njia ya mita 620, linakupitisha kwenye vilele vya mikaratusi. Hapa ndipo watu wengi wanakosea: hifadhi iko wazi usiku na mchana, lakini daraja hufungwa saa 11 jioni. Anayepanga kuona machweo akiwa darajani atayaona akiwa nje ya geti.

Na ile mistari ya miti myeupe mirefu ya Fraser Avenue inayopigwa picha na kila mtalii? Si ya Australia Magharibi. Ni mikaratusi yenye harufu ya limau, asili yake Queensland, upande wa pili wa nchi. Mizuri, ila isikuchanganye kuhusu mimea ya eneo.

Ukilazimika kwenda Desemba au Januari, bado kuna mawili ya kutafuta. *Corymbia ficifolia*, jamaa wa mikaratusi, huwaka nyekundu, na *Nuytsia floribunda* huchanua rangi ya machungwa kali. Huu wa pili ni mti wa kinyonyaji: mizizi yake huizunguka mizizi ya jirani na kuikata kwa kitu kama wembe ili inyonye maji. Umewahi kukata hata nyaya zilizofukiwa ardhini.

Wanasayansi wa Kings Park walishiriki pia kwenye ugunduzi wa mwaka 2004 wa kemikali iliyomo ndani ya moshi inayoamsha mbegu baada ya moto wa nyika. Ndiyo sababu baadhi ya mbegu za mimea hii zinauzwa zikiwa tayari zimepitishwa kwenye moshi, na ndiyo sababu mtu akizipanda bila hivyo husubiri mwaka mzima asione hata chipukizi.

Kufika ni rahisi: mabasi ya mji yanafika juu, na mwenye miguu anaweza kupanda kwa ngazi za Jacob's Ladder, 242. Matembezi ya bure na mwongozaji kwa kawaida huanza saa 4 asubuhi. Kwa upande mwingine, Kings Park ni hifadhi ya mji mzima: kuna arusi, wanaokimbia, familia zinazochoma nyama. Jumamosi ya Septemba maegesho hujaa kabla ya saa 4. Ukiweza, nenda siku ya kazi.

Cranbourne: kwa wenye watoto na wenye gari

Hii ilikuwa shimo la kuchimba mchanga, na waliobuni bustani, kampuni ya Taylor Cullity Lethlean pamoja na Paul Thompson, hawakuificha historia hiyo. Katikati kuna uwanja mkubwa wa mchanga mwekundu wenye duara za vichaka vya kijivu. Haukanyagwi, unauzunguka. Ukisimama mlangoni, upande mmoja unafuata mandhari ya asili, jangwa, mto mkavu, msitu wa mikaratusi, na upande wa pili unafuata bustani zilizotengenezwa na watu. Maji yanaunganisha yote, kutoka kwenye ukavu hadi pwani. Mwaka 2013 ilishinda tuzo ya mandhari ya mwaka katika World Architecture Festival.

Kwa mwenye nyumba Melbourne, na wapo wasemaji wa Kiswahili wengi tu huko, upande wa bustani za majumbani ndio wa maana kuliko wote: unaona kichaka kipi kinafaa ukuta wa magharibi, kipi hakihitaji kumwagiliwa. Kabla hujanunua chochote, jua hili. Banksia, grevilea na hakea, ambazo ni za familia moja, zimezoea udongo wenye fosforasi kidogo mno, na mizizi yao hutafuta hiyo kidogo kwa nguvu zote. Ukiweka mbolea ya kawaida ya bustani mmea hunyonya kupita kiasi, majani yakageuka manjano na kuungua kingo, na mara nyingi hufa. Uliza mbolea iliyoandikwa kuwa ni ya mimea asilia, au usiweke kabisa.

Watoto watataka mkondo wa maji wa Rockpool Waterway, na wanaruhusiwa kuchezea humo. Beba nguo za kubadilisha.

Ubaya wake ni kivuli. Sehemu kubwa ni wazi, na siku ya nyuzi 38 mchanga ule mwekundu unakurudishia joto usoni. Kingine ni usafiri: treni inaishia mjini Cranbourne, kilomita kadhaa kaskazini ya bustani, na baada ya hapo ni basi na mwendo wa miguu, au teksi. Kutoka katikati ya Melbourne kwa gari ni kama kilomita 45. Kwa asiye na gari, na ambaye hana mtoto wa kumpeleka, hatuoni sababu ya kuipendelea hii badala ya Canberra.

Mbili za akiba

Mwenye kukaa Sydney ana Australian Botanic Garden ya Mount Annan, hekta 416, iliyofunguliwa 1988. Ni kubwa kiasi kwamba unaendesha kutoka sehemu moja hadi nyingine. Cha kuona ni *Wollemia nobilis*, mti uliogunduliwa mwaka 1994 tu, na PlantBank, hifadhi ya mbegu ambako unawatazama wataalamu wa mbegu kwa madirishani. Huko utakuta pia vita tunavyovijua kwa upande wa pili: mzeituni mwitu wa Afrika, mutamaiyu wa milima ya Kenya, umevamia misitu ya eneo lile na wanatumia miaka kuung'oa.

Anayesafiri kwa barabara kaskazini mwa Adelaide asimame Port Augusta, kwenye bustani ya mimea ya ukame iliyofunguliwa 1996. Julai hadi Septemba ni nzuri sana. Januari joto hupita nyuzi 40, usiende.

Yanayoharibu safari

Jua la Australia linaunguza hata ngozi nyeusi, na kipimo cha mionzi ya jua (UV) wakati wa joto hupita 11, ambacho tayari ni cha hatari kubwa. Kofia yenye ukingo mpana, mafuta ya kukinga jua na angalau lita moja ya maji kwa kila mtu. Siku za hatari ya moto au upepo mkali bustani zinaweza kufungwa ghafla, maana mikaratusi huangusha matawi makubwa bila onyo. Angalia tovuti ya bustani asubuhi ileile kabla hujatoka.

Agosti hadi Oktoba ndege weusi kwa weupe wa huko, wanaoitwa magpie, hulinda viota kwa kuwashukia watu kichwani kutokea nyuma. Usikimbie wala usiwarushie kitu. Vaa kofia, mtazame ndege, ondoka taratibu. Nyoka wenye sumu kali wapo katika bustani zote hizi kuanzia Oktoba hadi Aprili, na dawa yake ni kubaki njiani.

Kubaki njiani kuna sababu ya pili, hasa Perth. Kuna kimelea cha udongoni, *Phytophthora cinnamomi*, kinachoozesha mizizi ya banksia na jamaa zake hadi msitu mzima ukauke, na husafiri kwa tope la viatu. Kama umetoka kutembea porini, sugua nyayo kwa brashi kabla ya kuingia.

Kuchuma ni marufuku, hata mbegu iliyoanguka. Ukitaka za kurudi nazo nyumbani nunua pakiti dukani yenye jina la kisayansi, na kabla ya kununua omba kibali cha kuingiza mimea: Kenya ni kwa KEPHIS, Tanzania ni kwa TPHPA, yaani mamlaka za afya ya mimea za nchi hizo. Pakiti isiyo na kibali huchukuliwa uwanja wa ndege, na ukiwa unaingia Australia kinyume chake, mbegu, matunda au kinyago cha mti ulichobebea wenyeji wako vitangazwe kwenye fomu ya forodha hata kama unadhani vinaruhusiwa.